Mwenye Ubeti wa Nne

Mimi ni mwoga. Naanza na hilo ili mtu asije akasoma mpaka mwisho akitumaini kumkuta shujaa. Utotoni niliogopa mbwa. Ukubwani, miaka thelathini na moja niliyofanya kazi kwenye mashine za kusaga mawe ya shaba pale Kolwezi, nilipita mbali na ile mikanda inayozunguka huku wenzangu wakiiruka na kunicheka. Wa kwanza kucheka alikuwa Nkulu. Alikuwa kapita wetu, yaani msimamizi wa zamu, tena jirani yangu katika cité ya Musonoi, mtaa wa wafanyakazi wa mgodi, ukuta kwa ukuta, na kanisani tulikaa benchi moja. Akiniona natafuta pa kukanyaga alipaza sauti juu ya mngurumo wote ule akiniita tata, yaani baba, "Tata Kalala, mukanda haina meno." Mimi nilikwisha kuona mkono wa mtu ukichukuliwa na mkanda huohuo, kwa hiyo sikubishana naye.

Nkulu ni mtu wa kaskazini ya Katanga, upande wa Kabongo. Mimi ni Mluba wa Kasai. Baba yangu aliletwa kufanya kazi ya mgodi nikiwa mtoto wa mgongoni, na Kasai yenyewe sikuiona tena mpaka nilipofukuzwa kwenda huko nikiwa na miaka sitini na saba. Kwa miaka arobaini tofauti hiyo kati yangu na Nkulu ilikuwa ya kutaniana tu. Yeye alisema sisi watu wa Kasai tunazaliwa na kalamu sikioni. Mimi nilisema watu wa Kabongo wanasalimiana tangu asubuhi mpaka chakula cha mchana kinapoa.

Kanisa letu lilikuwa dogo, la matofali ya udongo, mwisho kabisa wa cité. Mashimo ya mgodi yalikuwa karibu, na kila walipolipua mawe vumbi lilishuka juu ya Biblia ya mchungaji. Wazee walioanzisha kanisa hilo hawakuwa na vitabu, kwa hiyo waligawana nyimbo. Kila ubeti, au strofe kama tulivyosema sisi, ulikuwa na mwenyewe. Wimbo ukifika kwenye ubeti wako unasimama, unautanguliza peke yako, kisha wote wanaitikia. Mwenye ubeti akiona siku zake zimekwisha, anamwita mtu na kumpa. Na mtu akiwa hai hakuna anayegusa ubeti wake, hata kama anaujua wote. Vitabu vilipokuja tulivinunua, tukavishika mikononi kwa heshima, tukaendelea vilevile.

Wimbo mkubwa kwetu ulikuwa wimbo wa kuvuka. Uliimbwa kwanza na watu waliouzwa utumwani upande wa Angola, wakajifunza kusali kulekule, na walipofunguliwa wakarudi kwa miguu, miezi na miezi, mpaka wakauona mto Lualaba. Beti tano. Mke wangu Mianda alikuwa na wa kwanza na wa pili, kwa kuwa dada yake alimwachia wake. Wa tatu, ule wa mto wenyewe, ulikuwa wa Nkulu, na aliupiga kwa sauti ambayo hata mashine za kusaga hazikuweza kuifunika. Wa tano uliimbwa na kanisa lote. Wa nne ulikuwa wangu, na katika kitabu hamna. Mmisionari aliyekipigisha chapa aliuacha nje. Alisema haifai Mkristo kumwambia Mungu maneno ya namna hiyo. Maneno yenyewe ni haya:

Mi niko naogopa, Bwana, mayi iko mweusi.
Usiniambie niache kuogopa.
Unishike tu mukono natetemeka,
ju bale niliacha ngambo banaangalia.

Nilipewa ubeti huo mwaka 1972, mwaka ule serikali ilipotuamuru tuache majina ya ubatizo. Mama Mbuyu, aliyekuwa nao, alikuwa bibi kizee aliyevuka mto akiwa msichana na wale waliorudi. Alikuwa anakufa, na mimi nilitumwa kumpelekea uji. Nilipoona macho yake yalivyozama nilitetemeka mpaka kijiko kikagonga bakuli. Akanitazama, akasema, "Weye unajua kuogopa. Hii strofe haiwezi kukaa na mutu ya nguvu." Nkulu alicheka wiki nzima. Wengine wanarithi ubeti wa shukrani, wengine wa mbinguni, mimi nikarithi wa woga, na kila niliposimama kuuimba niliona aibu mbele ya watu.

Sasa mambo ya mwaka 1993. Wakubwa walikuwa wamesema katika redio kwamba sisi watu wa Kasai ni wageni na turudi kwetu. Walituita bilulu, wadudu. Kwanza tulichekeana, kwa sababu mtu hawezi kuamini kwamba jirani aliyemwazima chumvi juzi anamkusudia yeye. Kisha nyumba zikaanza kuchomwa. Watu walikimbilia stesheni ya Kolwezi kungoja treni ya Kasai, wakalala pale chini wiki nyingi, na wengine wakazikwa palepale. Binti yetu Fidélie aliondoka Januari na watoto wake. Sisi tulibaki kwa sababu magoti ya Mianda yalikuwa yamevimba, hakuweza kutembea hata mpaka bombani. Hiyo ndiyo sababu niliyoitaja kwa watu. Sababu nyingine ni kwamba niliiogopa barabara kuliko nyumba.

Siku moja ya Machi, jua likiwa halijapanda, Nkulu aliingia bila kubisha hodi, yeye mtu wa salamu ndefu. Hakuketi.

"Kesho banakuya kuchoma hii ligne yote," alisema, yaani safu yetu yote ya nyumba. "Mi nasikia kwa masikio yangu. Treni iko stesheni, inaenda leo saa kumi. Tunaenda sasa."

"Na mama? Atatembea namna gani?"

"Atakaa ku kinga yangu. Mi nasukuma."

Kinga ndiyo baiskeli. Nilimwambia kwamba wakimkamata anatusaidia watamvunja. Wiki iliyopita mtu wa Katanga aliyemficha mwalimu wa Kasai alipigwa mpaka hawakujua kama ataamka. Nkulu alikuwa amelifikiria hilo. Alisema njiani yeye hatujui. Yeye ni mtu wa kusukuma mizigo tu, tumemwita barabarani. Tusimwite jina, tusimsemeshe, tusimtazame. "Njo iko ile tu," alisema. "Weye unajua kuogopa, basi ogopa muzuri leo."

Tukafunga sufuria, blanketi na karatasi zetu. Mianda alichukua kitabu cha nyimbo akakiweka kifuani, ndani ya kitenge. Nilitaka kumwambia akiache, lakini aliniangalia kwa namna isiyoruhusu swali. Tukamkalisha nyuma ya baiskeli, miguu yake mizito ikining'inia upande mmoja, Nkulu akashika usukani, nami nikatembea hatua tano nyuma. Mlango niliufunga kwa ufunguo. Mpaka leo ninao, sijui kwa nini.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku na barabara ilikuwa tope jekundu. Niliogopa kila kitu. Niliogopa mwanamke aliyefungua dirisha, niliogopa mwanamke aliyefunga dirisha. Mtu mmoja alitusalimu vizuri kabisa, nami nikaogopa uzuri wa salamu ile. Mbele yangu mgongo wa Nkulu ulikuwa umelowa jasho, na sikuutazama zaidi ya mara moja moja, kama tulivyopatana. Mianda alikuwa anasali midomoni bila sauti.

Tulifika kwenye kizuizi kabla ya kuingia mjini. Gogo lilikuwa limelazwa juu ya mapipa mawili, na tairi lilikuwa linaungua pembeni kwa moshi mweusi. Vijana kumi hivi, vitambaa vyekundu vichwani, wana mapanga, mmoja na mnyororo wa baiskeli. Hawakuwa wa Musonoi, na hilo nilimshukuru Mungu, kwa sababu wa kwetu wangemjua Nkulu. Akina mama waliokuwa wakiuza mihogo kando ya njia walitazama mihogo yao.

Mkubwa wa vijana hao alikuwa mwembamba, amevaa koti zuri lililokuwa la mtu mwingine, maana mikono ilimpita vidole. Alituita tata na mama. Sauti yake ilikuwa ya adabu, na adabu ile iliniingia mifupani kuliko mapanga.

"Tata, leta karte."

Nilimpa. Mkono wangu ulitikisika mpaka alilazimika kuushika ili achukue kile kitambulisho.

"Kalala. Mutu ya Kasai. Unaenda kwenu, tata?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Mi hapana mutoto yako."

Walichukua sufuria na blanketi. Kisha akamgeukia Nkulu. "Na weye?"

"Mi nasukuma tu kinga," Nkulu alisema.

"Kwenu wapi?"

"Kabongo."

"Mutu ya kwetu. Unasaidia bilulu?"

"Nasaidia tumbo yangu."

Vijana wakacheka. Hata yule wa koti alitabasamu, na mmoja akaenda kuinua gogo. Nilihisi hewa ikiingia tena kifuani. Zilibaki hatua nne tu. Basi yule mwenye mnyororo akaona kitabu kikitokeza kwenye kitenge cha Mianda.

"Hawa ni batu ya kanisa," alisema. "Baimbe. Bale ya asubuhi balicheza, hawa baimbe ya kutuaga."

Wa koti alifikiri kidogo, akaona ni wazo jema. Gogo likashushwa. "Imba, mama," alisema kwa upole. "Imba muzuri, halafu unaenda."

Sijui kama Mianda alichagua. Nadhani alikuwa na wimbo huo midomoni tangu Musonoi, akaachilia tu sauti. Akautanguliza ubeti wa kwanza wa wimbo wa kuvuka, ameketi vilevile juu ya baiskeli, miguu ikining'inia. Mimi nikaitikia. Sauti yangu ilikuwa mbovu, inakatika. Akautanguliza wa pili, nikaitikia tena. Vijana walikuwa wanapiga makofi ya mzaha, na mmoja alikuwa anacheza kiuno. Kisha ubeti wa pili ukaisha, na sisi wawili tukanyamaza.

Mtu asiyekuwa wa kanisa letu hawezi kuelewa ujinga ule. Ningeweza kuuimba wa tatu mwenyewe. Nilikuwa nausikia tangu nikiwa kijana. Mianda angeweza. Hakuna ambaye angekufa kwa hilo. Lakini wa tatu ulikuwa na mwenyewe, naye alikuwa hai, amesimama pale ameshika usukani, na midomo yetu ilikataa kumpita. Miaka arobaini tulikuwa tumefundishwa kunyamaza mahali hapo. Tukanyamaza.

"Endelea," alisema yule wa koti.

Na macho yangu, bila kuniuliza mimi, yakaenda kwa Nkulu.

Yeye alikuwa anatazama chini. Aliinua kichwa, akaniona namtazama. Kisha akafungua kinywa na kuutanguliza ubeti wa tatu, mbele ya watu wote wale, kwa sauti yake ileile. Makofi yalikoma. Wale akina mama wa mihogo waliinua vichwa. Nkulu aliuimba mpaka mwisho, hakuacha neno, na Mianda akaitikia huku machozi yanamtoka.

Baada ya wa tatu unakuja wa nne. Nkulu alinyamaza na kunitazama, akingoja, kama alivyoningoja kila Jumapili. Ilikuwa zamu yangu, na hakukuwa na mtu mwingine duniani mwenye ubeti ule.

Sikuuimba.

"Tata ya kinga anajua wimbo," yule wa koti alisema polepole. Alimwendea Nkulu karibu, akampangusa tope begani kama mtu anayemheshimu baba yake. "Anabajua hawa batu. Mutu ya Kabongo, na anatudanganya." Kisha akanigeukia mimi. "Weye pita. Chukua mama na kinga, treni inakungojea. Huyu atabakia, tumufundishe."

Waliinua gogo. Nilishika usukani, ukiwa bado na joto la mikono ya Nkulu. Nilisukuma. Nyuma yangu nilisikia pigo, halafu lingine, halafu sauti ya mnyororo. Nkulu hakulia. Nilikuwa nangoja alie, niseme kweli, ili nijue yu hai, naye hakulia.

"Tata Fidélie, rudi," Mianda alisema.

Nikasukuma.

"Basi imba. Anakungojea."

Nikasukuma. Sikugeuka hata mara moja. Nilikuwa na haraka ya mtu anayekimbia mvua, na nilimpeleka mke wangu stesheni kabla ya saa kumi, akiwa mzima, kama ilivyopangwa.

Walitupakia kwenye behewa la mizigo, watu sitini na zaidi. Safari ilichukua siku kumi na moja. Mianda alinipa maji nilipohitaji maji, akanifunika kwa kitenge chake nilipotetemeka, lakini hakunisemesha. Siku ya nne treni ilivuka Lualaba pale Bukama. Mlango wa behewa ulikuwa wazi kidogo, nami nikaona maji chini yetu, mapana, yenye rangi ya giza. Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo Mama Mbuyu aliniambia siku ile ya uji, na ambalo nililichukua kuwa maneno ya bibi mwenye homa.

Alisema ubeti wa nne ulitungwa na mtu mmoja, Kisimba. Alikuwa anarudi na mdogo wake ambaye miguu ilikuwa imeoza kwa vidonda. Nyuma yao wakatokea wawindaji wa watumwa, na Kisimba akamwacha mdogo wake chini ya kichaka, akakimbia na wengine. Walipofika mtoni wote walipiga magoti wakashukuru, ila yeye aliketi mchangani akasema maneno yale. Wazee walibishana sana kama maneno hayo yanafaa kuingia katika wimbo. Mwishowe wakayaweka, tena wakayaweka baada ya kuvuka, wala si kabla. Mama Mbuyu alisema Kisimba aliuimba ubeti huo mpaka akazeeka, na hakuna siku aliyouimba bila kutetemeka.

Maisha yangu yote nilikuwa nimewaheshimu wazee wale kwa mbali, kama picha ukutani. Nilidhani walikuwa watu wa chuma, waliotembea kutoka utumwani wakiimba, na kwamba mimi nilikaa kanisani mwao kwa bahati tu. Sasa nilikuwa mzee, nimeketi juu ya mbao zenye harufu ya mkojo, na mmoja wao alikuwa ndugu yangu kabisa. Nilimjua Kisimba kuliko nilivyomjua baba yangu. Nilijua jinsi shingo yake ilivyokakamaa asigeuke nyuma. Nililia, na Mianda akaniacha nilie.

Pengine mtu atadhani nilifika Mwene-Ditu, mji wa Kasai alikotutangulia Fidélie, nikauimba ubeti wangu. Sikuuimba. Sisi tuliofukuzwa tulijijengea kanisa la miti na turubai, na mwalimu wa kwaya, Tshibangu, mtu wa Likasi, alikuwa na kitabu. Wimbo wa kuvuka waliupenda. Waliimba beti nne za kitabuni, kutoka wa tatu moja kwa moja kwenda wa mwisho, na mimi nilifunga mdomo. Nilisema moyoni kwamba aliyekuwa na haki ya kunidai ubeti ule ni Nkulu, na Nkulu ameuawa kwa sababu ya macho yangu. Kila mara mtu alipofika kutoka Kolwezi nilitafuta kazi ya kufanya nyuma ya nyumba, nisije nikasikia habari. Fidélie alidhani nachukia wageni. Miaka mitatu nilikwenda hivyo, na miaka hiyo nilizeeka kuliko ile arobaini ya kwanza.

Mwaka 1996, mwezi wa pili, mtu wa reli alileta barua. Nyuma ya bahasha paliandikwa jina la Mado, binti wa Nkulu. Niliiweka juu ya kabati siku mbili. Siku ya tatu Mianda aliishusha, akaketi mlangoni penye mwangaza, akaifungua na kuisoma kwa sauti bila kuniomba ruhusa.

"Tata Kalala, mi ni Mado, naandika ju mukono ya tata haishike tena kalamu. Eko muzima. Bale batu balimuvunja taya na mukono, sasa anasema polepole, na kuimba haimbe tena muzuri, lakini anaimba. Anauliza kitu moja tu. Ku kanisa, wimbo ya kuvuka, tukifika ku strofe ya ine, tunasimama bote, tunanyamaza mupaka urefu yake inaisha, kisha tunaenda ku ya tano. Tunafanya vile tangu muliondoka. Bamoja banasema tumupatie mutu mwingine, ju weye labda ulikufa. Tata anakatala. Anasema mwenyewe eko muzima mupaka tusikie alikufa. Njo anauliza: uko muzima? Kama uko muzima tutanyamaza tena. Na anasema usifikiri alikosea kuimba ile siku. Hakukosea. Aliona unamungojea."

Mianda aliikunja barua. Nikaketi chini palepale kwenye vumbi. Mtu angetegemea furaha. Mimi niliogopa kuliko siku ya kizuizi. Pale kizuizini nilitakiwa kuimba mara moja. Sasa nilikuwa nimeambiwa kwamba kwa miaka mitatu, kila Jumapili, watu mia moja wamesimama katika vumbi la Musonoi wakinyamaza mahali pa sauti yangu, na kati yao yupo mzee mwenye taya iliyovunjika, aliyezuia mtu yeyote asiniondoe.

"Unaandika nini?" Mianda aliuliza.

"Niko muzima," nilisema. "Nitaandika ile tu."

"Na ku kanisa?"

Nilinyanyuka kutafuta kalamu, lakini alinijua.

Tulipelekeana barua mbili zaidi kwa mkono wa yule mtu wa reli. Nkulu alipanga mambo kama alivyopanga zamu kazini. Musonoi wimbo wa kuvuka utafungua ibada, saa tatu kamili, ili mahubiri yasiucheleweshe. Mwene-Ditu, nimwombe mwalimu wa kwaya afanye vilevile, ili niimbe wa nne huku wao wakinyamaza kule. Tshibangu alikubali saa, kwa kuwa aliona ni mzee anaomba jambo dogo. Kuhusu ubeti sikumwambia.

Jumapili ya kwanza walipomaliza wa tatu, nilisimama. Nilishika mgongo wa benchi la mbele kwa mikono miwili, na benchi likaanza kutikisika pamoja na mama aliyekuwa ameketi juu yake. Kwaya ilikwisha kuingia wa mwisho. Nikautanguliza wa nne juu ya sauti zao, vibaya, chini ya kipimo, nao wakanyamaza mmoja mmoja kwa mshangao. Niliimba kwamba naogopa. Niliimba kwamba wale niliowaacha ng'ambo wananiangalia. Hakuna aliyeitikia isipokuwa Mianda, na baadaye kidogo, sauti ya Fidélie.

Tshibangu alinifuata nje. "Tata, ile strofe haiko mu kitabu," alisema kwa uchungu wa mtu aliyeharibiwa kazi.

"Najua," nilimwambia. "Nitaiimba tena Jumapili ijayo. Unisamehe."

Sasa nina miaka sabini. Tshibangu amechoka kunikemea, na watu wa mabenchi ya nyuma wameanza kuitikia. Woga haujaondoka, na Mianda hunishika kiwiko tukiingia. Nauimba ubeti mzima, neno kwa neno, lakini siuvuti sana, maana kule Musonoi Nkulu amesimama ananingoja nimalize, na magoti yake si ya kijana.